Kazi ya umeme imefukiwa ukutani, nitaionyeshaje bila leseni?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu, fundi mwashi, aliyeandika kwamba sisi mafundi wa kujiajiri tunaohangaikia vyeti, leseni na kadi za vyama tunatupa hela zetu. Kwa jinsi nilivyomwelewa, anasema kizuri chajiuza. Amejenga nyumba nyingi, watu wanapita barabarani wanaziona, wanauliza nani kajenga, simu yake inaita. Karatasi za nini? Akaongeza kuwa ada ni mirija ya wakubwa, na vyama ni mahali pa watu kutafutia uenyekiti.

Kaka yangu mwashi, shikamoo kama umenizidi. La uenyekiti nitakuja kukuunga mkono huko chini. Ila hilo la kizuri kujiuza linakufaa wewe na kazi yako, usitugawie wote. Ukuta wako ukipinda, hata mtoto wa darasa la pili anauona. Mimi ni fundi umeme. Kazi yangu nikishaimaliza, wewe ndiye unayekuja kuifunika kwa plasta.

Mwenye nyumba siku ya kukabidhiwa anabonyeza swichi. Taa zikiwaka ananishukuru na kunimalizia changu. Anaangalia kama soketi zimekaa sawa ukutani na kama vifuniko havina alama za vidole. Basi. Hajui kama kwenye soketi nimepitisha waya wa milimita mbili na nusu au nimebania nikapitisha ule wa moja na nusu unaofaa taa. Hajui kama maungio yaliyomo kwenye kiboksi yamebanwa kwa konekta au yamesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu. Hajui kama waya wenyewe ni shaba tupu au ni ile alumini iliyopakwa shaba kwa juu, inayouzwa bei chee na ambayo ukiinyanyua roli lake tu unashangaa wepesi. Hajui kama ethi, ule waya wa kijani na njano unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini, imeishia kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa mpaka ikakutana na udongo wenye unyevu, au imeishia kwenye kipande cha nondo kilichobaki wakati wa kumwaga jamvi, kikachomekwa kwenye kifusi. Kote huko taa zitawaka. Hiyo ndiyo tabu ya umeme: kazi mbovu inawaka sawasawa na kazi nzuri, tena kwa miaka, mpaka siku mwenye nyumba atakaponunua jiko la umeme au pampu ya maji.

Sasa niambie, kazi kama hiyo itajiuza vipi barabarani?

Nieleze nilikotokea, maana sitaki nionekane msomi anayewasimanga wenzake wa mtaani. Mimi ni wa mtaani. Nimekulia Mwembesongo hapa Morogoro, na ufundi nimefundishwa na mjomba wangu, ambaye naye alifundishwa na fundi mmoja wa viwandani enzi zile viwanda vya mji huu vinanguruma. Mjomba alibeba ngazi ya yule mzee, mimi nikabeba ngazi ya mjomba. Nilianza kwa kuchimba njia za bomba ukutani kwa tindo na nyundo, nikapanda mpaka nikawa naachiwa nyumba nzima niisuke mwenyewe, nikilipwa kwa pointi. Kazi niliijua. Ila karatasi sikuwa nayo hata moja.

Wasomaji waliojenga wanajua kinachofuata. Anayetaka kuunganishiwa umeme na TANESCO, ombi lake linatakiwa liwe na mchoro wa utandazaji nyaya na sahihi ya fundi au mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Kwa hiyo nikimaliza nyumba inabidi nitafute mwenye muhuri. Na wapo. Wapo hapa mjini, na naamini hata huko unakosomea barua hii wapo, watu ambao ufundi wao siku hizi ni kutembea na muhuri mfukoni. Nyumba hawajaiona, hawajui iko Kihonda au iko Bigwa. Unawapelekea fomu kijiweni, unawapa chao, wanagonga. Kiasi nilichokuwa nalipa kwa muhuri kingenitosha kununua roli la waya, na hilo silo lililoniuma zaidi. Nyumba niliyoisuka mimi kwa mikono yangu, kwenye mafaili ilisomeka ni kazi ya mtu mwingine. Nikitaka kumwonyesha mteja mpya nimefanya kazi wapi, sina. Kwa macho ya sheria mimi nilikuwa kishoka, fundi asiye halali, sawa na yule anayepanda nguzo usiku.

Na kwa mwanamke kuna la ziada. Mwanamume akivaa ovaroli na kuchomeka testa mfukoni, ameshakuwa fundi, hakuna anayemuuliza. Mimi mteja anaingia saiti, ananikuta juu ya ngazi na koleo mkononi, na bado ananiuliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Kuna mmoja alidhani nimeleta chakula. Kaka mwashi, unaposema kazi yako ndiyo cheti chako, nakusikia, lakini hayo ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa fundi yuko wapi. Wewe sura yako na jina lako vimekutangulia. Mwanamke, kijana aliyemaliza juzi, mgeni aliyehamia mjini akiwa hajuani na mtu, hao hawana kinachowatangulia isipokuwa karatasi.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini bila kukaa darasani. Mafundi wengi hawaujui, na baadhi ya wanaoujua wanadhani ni mlango wa kununulia cheti. Sivyo. Unajaza fomu ukieleza umefanya kazi gani, wapi na kwa muda gani, unapeleka ushahidi, picha za kazi na watu wa kukuthibitisha. Kisha wapimaji wanakuhoji na wanakusimamisha ufanye kazi wakikutazama. Ukionekana una mapengo, unafundishwa mapengo hayo, huanzi upya kama mtoto aliyetoka shule. Ukifaulu unapewa cheti cha ngazi inayolingana na unachokijua kweli.

Mimi mikono yangu haikuwa na shida. Mapengo yalikuwa mawili, na nayataja kwa sababu ndiyo yanayonifanya nibishane na wanaosema cheti hakikuongezei kitu. La kwanza lilikuwa hesabu. Sisi kwa mjomba waya ulichaguliwa kwa desturi: jikoni tunaweka huu, chumbani huu. Nilipofundishwa kukokotoa mzigo, vifaa vingapi, wati ngapi kwa volti 230, umbali gani kutoka mein swichi, nilielewa kwa nini nyumba fulani tulizozifanyia kazi taa zilikuwa zinafifia kila pasi ikichomekwa. La pili lilikuwa kupima. Mjomba hakuwa na mega, kile kipimo kinachosukuma volti nyingi ndani ya nyaya kabla hazijaunganishwa ili kuona kama zinavuja. Sisi tulipima kwa kuwasha. Ikiwaka, imepita.

Cheti nikakipata. Nacho kikanifungulia mlango wa EWURA, ambao ndio wanaotoa leseni za kazi zetu chini ya Sheria ya Umeme ya 2008. Leseni zina madaraja, kuanzia A kushuka chini. Yangu ni D, inanitosha kwa nyumba za watu wa kawaida, umeme wa njia moja. Hoteli ya ghorofa siigusi, na ni haki nisiiguse.

Watu wakisikia habari hii wananiuliza kipato kiliongezeka kiasi gani. Kiliongezeka, sikatai, hela ya muhuri peke yake ilirudi mfukoni kwangu. Ila kuna jambo ambalo sikulitarajia, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Mteja wangu mmoja, mzee mstaafu, nilimfungia RCD kwenye mein swichi yake. Hicho ni kifaa kinachokata umeme kikihisi unavuja kwenda usikotakiwa, miliampia 30 tu, kinakata kabla mtu hajafa. Muda ukapita, akanipigia. "Mama, kidude chako kinatukata umeme. Kila tukiwasha hita ya bafuni tunabaki gizani. Njoo ukitoe." Nilikwenda nikapima. Kidude kilikuwa kinafanya kazi yake vizuri. Hita ndiyo iliyooza ndani na inavujisha umeme kwenye maji. Nikamwomba abadilishe hita. Hakutaka, hita ameletewa na mwanawe kutoka Dar es Salaam, iweje isemwe ni mbovu? Akaniambia yale maneno ambayo kila fundi wa kujiajiri ameshaambiwa: "Nyumba yangu, hela yangu, nimesema toa."

Fundi aliyeajiriwa akiambiwa hivyo anajibu kirahisi: ofisini hawaruhusu. Mimi ofisi sina. Bosi wangu ni huyo huyo anayeniamuru nifanye jambo la kumwua mjukuu wake, na kesho ni yeye atakayenisifia kwa majirani au kunichafua. Kabla sijawa na leseni, mabishano ya namna hiyo yalikuwa neno langu kwa neno la mteja, na mara nyingi mteja ni mtu mzima kuliko mimi, ana hela yangu hajanimalizia, na nje kuna kijana yuko tayari kufanya anachoambiwa kwa elfu tano. Safari hii nilikuwa na la kusema. "Mzee wangu, nyumba hii imeandikwa namba ya leseni yangu. Nikikitoa, mtoto akipigwa shoti bafuni, wataitwa EWURA na nitakayeulizwa ni mimi. Nitanyang'anywa leseni na watoto wangu watakosa kula. Siwezi." Akanuna. Akasema atakwenda kunishtaki. Nikamwandikia namba ya leseni kwenye karatasi ili asihangaike kuitafuta.

Hakwenda. Hita ilibadilishwa, wala si kwa sababu ya ushujaa wangu. Mkewe aligoma kuoga humo ndani.

Leseni imenipa mtu wa kumsingizia, kaka mwashi, usicheke. Mtu anayefanya kazi peke yake anahitaji sana mtu wa kumsingizia. Anayetaka nimpunguzie bei kwa kuacha ethi, anayetaka nitumie waya wa mtumba aliouvua nyumba ya zamani, anayetaka niunganishe mashine ya kuchomelea kwenye laini ya soketi za sebuleni, wote hao nawajibu kwa utulivu kwamba leseni yangu hainiruhusu, na hakuna anayeona nimemdharau. Uwezo wa kukataa kazi mbaya bila kugombana, hicho ndicho nilichonunua kwa ile ada. Hela yake ningeilipa hata kama kipato kisingepanda.

Mteja naye amepata pa kwenda. Zamani akiharibikiwa, njia zilikuwa mbili: kunishtaki serikali ya mtaa, ambako mwenyekiti hajui RCD ni mdudu gani, au kunitangaza vibaya. Leo anayo namba, anaweza kuuliza kama kweli nimesajiliwa, na nikimharibia anaweza kunifikisha kwa watu wanaoielewa kazi. Wenzangu wengi hilo ndilo wanaloliogopa kwenye leseni. Mimi naona leseni ambayo mteja hawezi kuitumia kukubana ni pambo la sebuleni.

Mtakumbuka vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyotolewa kuanzia Desemba 2018, vya shilingi 20,000. Nilikuwa nacho. Kilinisaidia, sikusumbuliwa na ushuru huku na huku, nashukuru. Lakini kitambulisho kile kilieleza kipato changu, kwamba ni kidogo. Hakikusema chochote kuhusu ninachokijua. Muuza vitumbua na fundi umeme tulikuwa na kitambulisho kimoja. Hakuna mteja aliyewahi kunipa nyumba kwa sababu nilimwonyesha kile.

Sasa nirudi kwenye mihuri, maana hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mwenye leseni anayeuza sahihi yake kwa kila anayekuja na fomu anatuibia sisi sote tuliohangaika. Mwananchi akiungua na akagundua kwamba fomu yake ilikuwa na muhuri halali, atasema nini? Atasema leseni ni upuuzi, na kaka mwashi atapata hoja nyingine ya kuandika gazetini. Na vijijini hali ni mbaya zaidi. Umeme umefika kwa kasi, gharama ya kuunganishiwa huko ikashushwa mpaka shilingi 27,000, jambo jema kabisa. Lakini ile 27,000 haisuki nyumba. Mtu aliyelipa 27,000 anashangaa fundi anapomtajia gharama ya nyaya, mabomba, breka na ethi, anamtafuta wa bei rahisi, na wa bei rahisi anamtafuta mwenye muhuri. Nyumba ya tope na nyasi ikishika moto, haibaki hata fremu ya dirisha.

Dawa yake naiona ni ndogo tu. Kabla ya kuwasha umeme, mwenye nyumba apigiwe simu aulizwe swali moja: aliyesuka nyumba yako ni nani, na ulimwona kwa macho? Akitaja jina ambalo halipo kwenye fomu, kazi isimame mpaka mwenye sahihi aje na mega yake apime mbele ya watu. Au fundi apigwe picha akiwa kwenye mein swichi ya nyumba ile ile, siku hizi kila mtu ana simu ya kamera na maombi ya umeme yenyewe yanafanyika kwenye simu. Anayeuza mihuri kumi kwa siku atawezaje kupigwa picha nyumba kumi?

Kuhusu vyama. Hapa, kaka mwashi, nakupa mkono. Nimekuwa mwanachama wa zaidi ya chama kimoja, na kimoja nilitoka bila kuaga. Ada tulikusanya, tukashona fulana za Mei Mosi, tukachagua mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na makamu wa kila mmoja wao. Mapato na matumizi hayakusomwa hata siku moja. Kadi alipewa yeyote mwenye hela ya kadi, awe anajua umeme au hajui. Kadi ya namna hiyo haina tofauti na risiti. Siku hizi nikikaribishwa chama naanza kwa kuuliza kimewahi kumfukuza nani. Kama hakijawahi kumfukuza mtu, basi ama wanachama wake ni malaika, ama hakuna anayeangalia.

Lakini chama nilichomo sasa, kidogo, cha mafundi wa wilayani, kinanifaa kuliko ninavyokilipa. Mega tuliinunua kwa kuchangishana, maana bei yake si ya fundi mmoja. Kwenye kundi letu la simu mtu akikutana na hitilafu asiyoielewa anaweka picha, na kabla hajashuka kwenye ngazi ameshajibiwa. Zikiingia sokoni breka bandia, zile ambazo hazikati hata ukiunguza nyumba, habari inatufikia kabla hatujazinunua. Na nilipolazwa, mwenzangu alimalizia nyumba ya mteja wangu, akaniletea hela yangu nyumbani, wala hakuninyang'anya mteja. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote kati ya mafundi, wanaoishi mjini wanajua.

Tunachokosa bado ni kinga. WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, huchangiwa na mwajiri; sisi tusio na mwajiri tukianguka kwenye paa ni juu yetu na ndugu zetu. NSSF wanapokea michango ya waliojiajiri, na nawahimiza wenzangu, ila kuchangia peke yako mwezi huu una kazi na mwezi ujao huna ni mtihani. Chama chenye orodha safi ya mafundi halali kingeweza kukusanya michango hiyo kidogo kidogo kwa kila nyumba mtu anayoipata, na kwenda kuzungumza bima kwa niaba ya wote. Kikundi chenye vishoka ndani yake hakiwezi. Kampuni ya bima itaanzia wapi?

Gharama nazo nisizifiche. Anayesema leseni ni bei fulani anataja ada tu. Hataji nauli, hataji siku unazoacha kazi, hataji yule kijana wa steshenari anayekujazia fomu mtandaoni kwa sababu wewe hujazoea kompyuta, wala hataji kuihuisha tena muda ukiisha. Kanuni nyingi za kazi yetu mimi nimezikuta kwa Kiingereza, wakati tangu 2021 sheria imekwishatamka kwamba Kiswahili ndicho lugha ya sheria za nchi hii. Mjomba wangu amefundisha nadhani nusu ya mafundi umeme wa upande wetu wa mji, na leseni hana mpaka leo. Kusoma anasoma kwa shida, kuandika ndiyo kabisa. Akisimama mbele ya ubao na nyaya, hakuna mpimaji atakayemwangusha. Wampime kwa mikono na kwa mdomo, kwa Kiswahili, kama alivyofundisha. Na ada ilipwe kwa awamu, kama tunavyolipia king'amuzi na bodaboda.

Kwa sasa mjomba anafanya kazi na mimi. Najua kuna atakayesema hapo nami nampa muhuri. Hapana. Nipo saiti, nagusa kila kiboksi, napima kila saketi kabla hatujaita mtu wa kuwasha, na mteja anajua kwa jina nani kafanya nini. Mjomba anacheka kila nikitoa mega. Anasema namchelewesha. Juzi ilionyesha uvujaji kwenye laini ya taa za nje, tukafukua, tukakuta msumari wa fundi dari umepita katikati ya waya. Sasa anaibeba yeye.

Nimalizie na uashi wako, kaka. Hakuna anayekulazimisha leseni kama yetu, na sidai iwepo. Lakini shule na zahanati zinajengwa kwa fosi akaunti huku mitaani, yaani mafundi wanachukuliwa moja kwa moja bila kampuni ya mkandarasi, na nimekaa kwenye kamati ya ujenzi ya shule wanayosoma wanangu. Mafundi wanapokuja kuomba kazi, anayejulikana na mjumbe mmoja wa kamati anapitishwa na mjumbe huyo, na asiyejulikana na yeyote anaulizwa cheti. Unaona mwenyewe nani anapona bila karatasi, na kwa nini. Ile siku ambayo mjumbe anayekujua atahama, utakumbuka barua yangu. Uashi nao unapimwa VETA kwa utaratibu ule ule nilioutaja.

Na kwa kuwa umesema kazi yako inaonekana, nina kiwanja Lukobe nataka nijengewe stoo ya vyumba viwili, msingi wa mawe, maana udongo wa kule unapasuka kiangazi. Mhariri anaweza kukupa mawasiliano yangu. Nipigie bei, ila uniandikie: saruji mifuko mingapi, tofali ngapi, nondo milimita ngapi, na ufa ukitokea ndani ya mwaka nani anaurekebisha. Uweke sahihi yako chini.

Fundi umeme wa kujitegemea,
Mwembesongo, Morogoro